Divai ya Mukesh

Mukesh alipofariki, mwishoni mwa kiangazi, watu wa Tabora mjini walisema duka lake la vifaa vya ujenzi halitafika mbali. Walikosea. Mjane wake, Gangaben, alikaa ndani siku za maombolezo kama desturi ya kwao inavyotaka, kisha asubuhi moja akafungua milango mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mumewe nyuma ya mzani wa misumari, akaanza kuuza. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo alichukua simu akampigia Silasi.

"Shemeji, mbona hupiti? Au mtu akifa na urafiki wake unafungwa?"

Ukweli ni kwamba tangu mazishi Silasi alikuwa akizunguka kwa barabara ya nyuma ili asilione lile duka. Alisema alikuwa na mafua.

"Mafua yamepona?"

"Yamepona, shemeji."

"Basi njoo. Ni Jumamosi."

Silasi alikuwa mpima ardhi wa serikali mpaka alipostaafu. Alijuana na Mukesh wote wawili wakiwa vijana, siku alizotumwa kupima viwanja kando ya njia ya zamani ya misafara, ile ielekeayo Ujiji, naye akakosa nondo na saruji za kusimamishia bikoni, nguzo za kuonyesha mipaka. Maduka mengine yalimwambia aje kesho. Mukesh alipakia mzigo kwenye pikapu yake, akampeleka mwenyewe. Walikwama matopeni, wakashinda mchana kutwa wakisukuma gari, na jioni waliporudi mjini kila mmoja hakumtambua mwenzake kwa udongo. Mukesh akamwambia, "Ingia stoo. Nina kitu cha kukutoa baridi."

Ndipo Silasi alipoiona ile dekanta. Ilikuwa chupa ya kioo kizito kilichochongwa, tumbo pana, shingo nyembamba, na kizibo chake nacho kioo. Baba yake Mukesh aliinunua kwa Mzungu mmoja wa reli aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Ndani yake Mukesh aliweka divai ya Dodoma, siyo ile nyepesi ya harusini, bali ile tamu na nzito ambayo huongezwa pombe kali ikiwa bado inachachuka, ikabaki na sukari yake na nguvu yake. Watu hunywa kidogo, kwa glasi ndogo. Silasi alikunywa moja, akahisi joto linashuka taratibu hadi kwenye nyayo. Tangu siku ile Jumamosi ikawa yao.

Walikaa stoo, katikati ya makopo ya rangi na marobota ya waya, kwa sababu Gangaben hakutaka pombe ipite mlango wa nyumba yake. Hakuwa mkali, aliomba tu, na Mukesh alimheshimu. Stoo yenyewe ilikuwa na kuta nene za zamani, haina dirisha, na hata mwezi wa kumi, Tabora nzima ikiwaka, mle ndani palikuwa pamepoa kama ndani ya mtungi. Mukesh alikuwa na utaratibu wake. Chupa iliyotoka Dodoma aliisimamisha tangu siku iliyotangulia, mashapo yashuke chini. Kisha akaimimina polepole ndani ya dekanta kupitia kitambaa cha melimeli, akifuata kwa macho mpaka uchafu wa kwanza ukaribie shingo, hapo anaacha. Alimimina kiasi cha kuwatosha Jumamosi mbili au tatu, akafunga kizibo, akairudisha kwenye kabati. Ikiisha, anaiosha. Hakuwahi kumwaga mpya juu ya kuukuu. "Ukichanganya," alimwambia Silasi, "iliyochoka inamwambukiza mwenzake."

Jumamosi ile Silasi alipofika alielekea stoo kwa mazoea. Gangaben akamwita kutoka upande wa pili.

"Siyo huko. Pita ndani, shemeji."

Akampitisha sebuleni. Ukutani kulikuwa na picha ya Mukesh, imevikwa shada la maua, na chini yake vijiti vya ubani vilikuwa vinamalizikia kuungua. Kando ya picha, juu ya friji, mahali jua la alasiri linapoingia moja kwa moja, ilisimama dekanta. Ilikuwa imefutwa mpaka inang'aa, na mwanga ulipita ndani yake ukatupa doa jekundu ukutani.

"Alipokuwa hai sikumruhusu aiingize," Gangaben alisema. "Sasa nimeiingiza mwenyewe. Kaa."

Akamwekea glasi moja ndogo kwenye sinia, na kibakuli cha karanga na chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya kukaanga, kama alivyokuwa akiwapelekea stoo. Akammiminia kwa uangalifu wa mtu anayeshika mtoto wa mwenzake. Kisha akakaa kiti cha mbele, akapakata mikono.

"Ni nzuri?"

"Nzuri, shemeji."

Na siku ile ilikuwa nzuri kweli. Walizungumza habari za bei ya saruji na za Jigar, mtoto wao pekee, aliyeko Dar es Salaam. Silasi alipotoka, alijiona amepata kitu alichodhani kimezikwa.

Ila divai haijui heshima. Ukiiweka juani, kwenye joto la juu ya friji, ndani ya chupa inayofunguliwa kila juma na kuingiwa na hewa, inaanza kuondoka. Baada ya majuma machache Silasi aliona utamu umelegea. Mvua za kwanza ziliposhuka, rangi yake, ambayo ilikuwa ya zambarau lililoiva, ilikuwa imegeuka kama chai ya jana. Ikafuata harufu, ile kali ya rangi ya kucha. Kwa chini kulikuwa na kitu kizito kikizunguka kila dekanta ilipoinamishwa. Na jambo moja lilimshangaza: kila Jumamosi dekanta ilikuwa na kiasi kilekile. Anakunywa glasi leo, juma lijalo anaikuta imejaa hadi palepale mabegani.

"Ni nzuri?" Gangaben aliuliza.

"Nzuri, shemeji."

Alijaribu njia ya mkato. Alimwagiza dereva wa basi amletee chupa mpya kutoka Dodoma, akaenda nayo imefungwa kwenye gazeti.

"Zawadi," alisema. "Na kwa kuwa ni mpya, ngoja nikusaidie kuosha dekanta kwanza. Mukesh alikuwa akiiosha kila inapokwisha."

"Haijakwisha," Gangaben alisema.

"Hii ya zamani si kitu. Tunaimwaga."

Alimwona akishtuka, si sana, mabega tu. Gangaben aliinuka, akashika shingo ya dekanta kwa kiganja chote.

"Siiachi iishe, shemeji. Ile aliyoimimina yeye, juma lile la mwisho, bado imo humu. Mimi naongeza tu juu yake kila ukiondoka. Nina chupa zake stoo, na hii yako nayo nitaitumia. Hata kama ya kwake limebaki tone, ni tone lililopita mikononi mwake." Akaifungua ile chupa mpya ya Silasi, akajazia mle mle hadi shingoni. "Unaona? Sasa itatufikisha hadi masika."

Silasi alikaa. Alichukua glasi yake, akaimaliza.

Nyumbani kwake ni mtaa wa Cheyo. Mkewe, Mwanne, alikuwa uani anapepeta karanga alipoingia. Mwanne ni mwanamke asiyependa maneno yazunguke mara mbili kabla ya kutua.

"Baba Kashindye, leo unanuka kama duka la rangi."

"Ni ile divai. Imeharibika."

"Imeharibika leo?"

"Ilianza zamani."

Mwanne aliweka ungo chini. Silasi akamweleza yote, na la tone la Mukesh pia. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ukimwambia atafanya nini?"

"Itabidi aimwage. Na akiimwaga ndiyo mwisho wa mkono wa mumewe humu duniani. Hivyo ndivyo anavyoona yeye. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mama."

"Wewe hujajikwaa dole wala ulimi. Umekaa chini barabarani." Akaokota karanga mbovu, akaitupa kwa kuku. "Unamdanganya mjane kila juma."

"Mimi sisemi uongo. Nakunywa tu na kunyamaza."

"Glasi tupu inasema 'tamu'. Na akikuuliza, unajibu nini?"

Usiku ile divai ilimsumbua Silasi, na Mwanne akamchemshia tangawizi bila kurudia neno. Lakini Jumamosi iliyofuata alipomwona anachukua kofia, alisema, "Nitakuja kumwambia mimi."

"Usifanye hivyo, nakuomba."

"Basi fanya wewe."

Masika yakapita. Silasi alijifunza kuishikilia divai ile mdomoni muda mfupi iwezekanavyo, kumeza kwa mara moja, na kutupia karanga juu yake upesi. Alijua ni upumbavu. Alijua pia kwamba sebule ile, na mama yule anayepakata mikono na kumsikiliza akieleza jinsi mto ulivyohamisha mpaka wa mashamba ya tumbaku kule Goweko, vilikuwa vimemkaa moyoni kwa namna ambayo hakuitazamia. Mukesh alipokuwa hai, Gangaben alikuwa mtu wa sinia, anayetokea mlangoni na kupotea. Sasa Silasi alimjua. Alijua kwamba alizaliwa Nzega, kwamba utotoni aliogopa treni, kwamba alikuwa na hesabu za haraka kuliko mumewe lakini hakuwahi kumwambia. Haya yote yalikuja na divai mbovu. Aliona kwamba akiikataa divai, huenda na hayo mengine yakatoweka.

Kiangazi kikarudi. Jumamosi moja Gangaben alikuwa na uso uliochangamka.

"Jigar anakuja. Mwaka wa baba yake unatimia, tutafanya varsi, kumbukumbu yake. Marehemu atatengewa chakula alichokipenda, tutawalisha watu, kisha jioni nataka tukae watatu hapa. Wewe, mimi na Jigar. Nataka nimpe glasi moja ya baba yake." Akaitazama dekanta. "Hawakuwahi kunywa pamoja, unajua? Mukesh aliona haya mbele ya mtoto. Sasa atakunywa iliyotoka mkononi mwake."

Silasi aliiona picha hiyo yote kwa mara moja. Jigar ni kijana mwema, lakini usoni hafichi kitu. Atakunywa, atakunja uso, atasema. Atasema mbele ya picha ya baba yake, siku ya kumbukumbu, na mama yake atakuwa amekaa pale na sinia mapajani.

Hakulala vizuri siku zile. Katikati ya juma, asubuhi, alivaa shati la kutokea akaenda dukani. Kulikuwa na fundi mmoja ananunua msasa. Silasi alisubiri kando ya mapipa ya misumari mpaka fundi akalipa na kuondoka.

"Shemeji, leo si Jumamosi," Gangaben alisema kwa utani.

"Najua. Nimekuja kukuambia neno, na nikilisubirisha hadi Jumamosi litanishinda." Alivua kofia. "Divai imeharibika. Jigar asiinywe."

Gangaben alikuwa anapanga bawaba kwenye kisanduku. Mikono ikasimama.

"Imeharibikaje?"

"Jua la pale juu ya friji. Na kuchanganya mpya na kuukuu. Na hewa. Inataka giza na ubaridi, na ikishafunguliwa haitaki kukaa muda mrefu. Mukesh alijua, ndiyo maana aliiweka stoo."

"Mimi nilidhani aliiweka stoo kwa sababu yangu."

"Na hiyo pia."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Mvua za mwaka jana?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na wewe umekuwa ukiinywa."

"Nimekuwa nikiinywa."

"Kila Jumamosi nilikuuliza kama ni nzuri."

Silasi alitazama kofia yake. Nje, bajaji ilipita ikipiga honi, ikaenda zake. Gangaben aliendelea kupanga bawaba, moja juu ya nyingine, mpaka kisanduku kikajaa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini kabisa.

"Nenda nyumbani, shemeji."

Jumamosi ilipofika Silasi alivaa, akavua, akavaa tena. Alikwenda hadi kona ya mtaa akaona duka limefungwa mapema. Alirudi Cheyo. Mwanne, ambaye angeweza kusema mengi, alimsogezea kiti kivulini akamkabidhi bakuli la maharage ayachambue. Walichambua pamoja. Baada ya muda Mwanne alisema, "Kukasirika ni haki yake. Mwache akasirike amalize."

"Na asipomaliza?"

"Basi utakuwa umepoteza rafiki kwa kusema kweli. Afadhali hivyo kuliko kumpoteza kwa kumeza uongo."

Kesho yake, Jumapili, jua likiwa bado halijawa kali, bajaji ilisimama mbele ya uzio wao. Akashuka Gangaben. Alikuwa amejifunga sari nyeupe, na kifuani amebeba kitu kilichoviringishwa kwenye taulo. Miaka yote ile ya urafiki hakuwahi kukanyaga uwanja wa nyumba hii. Yeye na Mwanne walijuana kwa misiba na kwa kaunta ya duka tu.

"Hodi," alisema.

"Karibu, dada," Mwanne akajibu, kana kwamba alikuja kila Jumapili. "Karibu ukae. Nakuletea chai. Nina sufuria mpya haijawahi kuona nyama, najua kwenu hamli, usiwe na wasiwasi."

Gangaben alimtazama kwa mshangao kidogo, kisha akatabasamu, tabasamu la kwanza Silasi kuliona siku nyingi. Akakaa kwenye mkeka barazani, akafungua taulo. Dekanta ilikuwa tupu. Lakini chini tumboni, mahali divai ilipokaa mwaka mzima, kulikuwa na duara jeusi la mashapo yaliyoganda, na ukungu wa kahawia umepanda ubavuni.

"Nimeimwaga," alisema. "Jana, kwenye karo la jikoni. Kabla ya kuimwaga niliionja."

"Uliionja?" Silasi aliuliza.

"Kwa kijiko. Sijawahi kuonja pombe tangu nizaliwe. Nilitaka kujua nilikuwa nakunywesha nini. Sijui divai njema ikoje, shemeji, lakini hiyo nimejua si njema."

Mwanne aligeuza uso kuficha kicheko, hakuweza. Gangaben naye akacheka, kisha macho yakamjaa, akayafuta kwa ncha ya sari.

"Nilipokuwa naimwaga nilingoja nisikie kitu. Nilidhani moyo utapasuka. Nikasikia maji ya bomba tu. Nikasema, basi Mukesh hayumo humu, na sijui nimekaa mwaka mzima nikimlinda nani." Akageukia Silasi. "Lakini sikukasirika kwa ajili ya divai."

"Najua nilikosa."

"Hujui. Ngoja nikueleze. Mjane anahurumiwa na kila mtu. Anayekuja kununua bawaba ananihurumia. Wa hekaluni wananihurumia. Mwanangu akipiga simu, nasikia huruma kabla sijasikia salamu. Mimi nilidhani Jumamosi ni siku moja nisiyohurumiwa. Kumbe kila glasi uliyokunywa ilikuwa huruma."

Chai ilikuwa tayari. Mwanne alimimina vikombe vitatu na kumsogezea mgeni bakuli dogo la asali ya miombo. Silasi alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Haikuwa huruma," alisema. "Ilikuwa woga. Nilijiambia, nikimwambia imeharibika, ataiondoa, na ikiondoka mimi nitakuja kwa sababu gani? Mzee mzima anaingia nyumba ya mjane kila Jumamosi, watu watauliza anafuata nini. Divai ilikuwa ndiyo jibu langu."

"Kwa hiyo ulikuwa unakunywa sumu upate mahali pa kukaa."

"Ndiyo, shemeji."

Gangaben alikunywa chai kidogo. "Watu wakiuliza, na waulize," alisema. "Njoo na mkeo. Tangu mwanzo ilipasa aje." Kisha, kwa sauti ya mwenye duka, "Sasa hili doa. Nimetumia sabuni, brashi haipiti shingoni. Jigar anafika Ijumaa."

Sabuni ilikuwa kosa, Silasi alimwambia, kwa sababu harufu yake hubaki kwenye kioo na kuingia divaini. Mukesh alitumia mchele. Mwanne akaleta konzi ya mchele mbichi, siki, na maji ya vuguvugu, si ya moto, maana kioo cha zamani hupasuka. Wakavitia ndani. Silasi aliizungusha dekanta taratibu, mchele ukazunguka tumboni ukisugua, ukitoa sauti kama mvua inayoanza kwenye bati. Mikono ilipomchoka alimpa Mwanne, Mwanne akampa Gangaben. Maji yalitoka ya kahawia mara ya kwanza, ya njano mara ya pili. Ilibidi warudie tena na tena. Kuku walikula mchele uliomwagwa na Mwanne akasema wasije wakalewa. Mwishowe duara jeusi lilibaki kama uzi mwembamba uliokataa kutoka, na Gangaben akasema uachwe.

"Sasa tunaikausha kichwa chini," Silasi alisema, "na kizibo tunakiweka pembeni. Ikifungwa ikiwa na unyevu itanuka."

Waliiegemeza kwenye ndoo, ndani ya taulo safi, na mgeni akakaa hadi ilipokauka. Hiyo ilichukua muda. Yeye na Mwanne walianza na asali, wakahamia kwenye watoto, wakaishia kwenye kuwasema waume zao, aliye hai na aliyekufa, kwa usawa. Silasi aliwaachia baraza, akaenda kumwagilia mchicha wake.

Siku ya varsi nyumba ilijaa. Walikuja Wahindi wa mjini, wafanyabiashara wa soko, mafundi waliokuwa wakinunua kwa Mukesh. Watu walikula kwenye sahani za majani, wakasimulia, wakaondoka. Alasiri ilipoanza kupoa walibaki wanne: Gangaben, Jigar, Silasi na Mwanne. Safari hii Gangaben hakuwaelekeza sebuleni. Alikuwa amefagia stoo, akaweka viti vinne katikati ya makopo ya rangi, na kwenye meza ndogo zikasimama ile dekanta na chupa ya Dodoma ambayo Silasi alimwambia aisimamishe tangu jana yake.

"Mama alikuwa akiniambia baba yuko stoo anahesabu misumari," Jigar alisema, akitazama huku na huku.

"Alikuwa anahesabu," Gangaben akasema. "Glasi."

Silasi aliondoa kizibo cha chupa, akatandika kitambaa cha melimeli kwenye mdomo wa dekanta. Akamwomba Jigar amulike tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa. Kisha akamimina, polepole, bila kutikisa, na wote wanne wakawa wanautazama ule uzi mwekundu unaoshuka. Mashapo yalipoanza kusogea kama moshi kuelekea shingoni, Silasi akasimamisha mkono.

"Hayo yanabaki," alisema. "Usimwonee huruma aliyebaki chini, utawaharibu wote."

Akajaza nusu tu ya dekanta. Akamimina glasi mbili ndogo, moja akampa Jigar. Kijana akanusa, akaonja kwa tahadhari, kama anayetarajia kuungua.

"Kumbe ni tamu," alisema. Akaonja tena. "Mimi nilidhani mzee anakunywa kitu cha hatari."

"Alikuwa mtu wa kidogo kidogo," Silasi alisema.

"Mlikuwa mnazungumza nini humu?"

Silasi alifikiri. "Barabara. Bei ya nondo. Nani kajenga juu ya mpaka wa nani. Mara nyingi tulinyamaza."

"Alinisema?"

"Alisema hujui kushika nyundo."

Jigar alicheka mpaka akaweka glasi chini. Alicheka kwa muda mrefu, na kicheko kilipoanza kubadilika, Mwanne, aliyekuwa karibu naye, aliweka mkono mgongoni kwake akauacha hapo. Gangaben alichota chevda kwa vidole, akala, akatazama mbele. Alipoulizwa kama ataonja iliyo njema ili alinganishe, alitikisa kichwa. Kijiko kimoja, alisema, kilimtosha maisha.

Jigar alitaka mama yake ahamie Dar es Salaam moja kwa moja. Walijadiliana siku mbili, kwa sauti za chini, kwa Kigujarati, na mwisho wakakubaliana kwamba atakwenda kukaa naye wakati wa joto na atarudi mvua za Tabora zikianza. Duka aliliacha mikononi mwa Doto, mwanamke aliyekuwa akimsaidia kaunta tangu Mukesh aanze kuugua. Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, Silasi na Mwanne walikwenda kumalizia divai iliyobaki, kwa kuwa isingengoja. Ilikuwa glasi mbili na ushee, na mnywaji alikuwa mmoja. Wanawake walikunywa chai na kumtazama akijitahidi.

Walirudi Cheyo kwa miguu, Mwanne amemshika mkono, na njia nzima alimweleza jinsi atakavyopanda karanga mwaka huu karibu na uzio.

Majuma kadhaa baadaye simu ya Silasi iliita alasiri. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Kipalapala na upepo ulikuwa unageuza majani ya migomba.

"Shikamoo, shemeji," Gangaben alisema, kwa utani, maana yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

"Marahaba, mama. Habari za pwani?"

"Jasho tu. Huko mvua imeshanyesha?"

Silasi alitoka uani, akanyoosha kiganja. Tone moja likaanguka, zito, kisha jingine.

"Subiri," alisema. "Ndiyo inaanza."